Tumfunge Majeruhi wa Mgongo kwenye Ubao Kabla ya Kumbeba

Msimu wa maembe ukifika, vijana hupanda miti. Huko Pemba na Unguja wachumaji hupanda mikarafuu, na pwani yote wakwezi hupanda minazi. Mwingine yuko juu ya paa anaezeka nyumba. Mwingine anachimba kisima. Mwingine amekaa juu ya magunia kwenye lori la mnadani, na mwingine yuko barabarani kwa bodaboda. Hizi zote ni kazi na safari zetu za kila siku, na katika hizi zote watu huanguka.

Mtu akianguka, sisi wanakijiji hatukosi huruma. Yowe likipigwa, jembe hutupwa chini na watu hufika mbio. Basi shida yetu si huruma. Shida ni kile tunachofanya tukishafika. Mmoja anamwinua majeruhi aketi. Mwingine anamwambia, "Jikaze kiume, simama." Wawili wanamshika makwapa na miguu kama gunia la mahindi. Kisha anapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na ndugu yake, mshikaki, kichwa kinayumba njia nzima mpaka zahanati. Kama mtu huyo amevunjika mgongo au shingo, safari hiyo inaweza kumnyang'anya miguu yake kwa maisha yake yote.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kumlaza majeruhi wa mgongo kwenye ubao, jinsi ya kumfunga, na jinsi ya kumfikisha hospitali salama. Tunaomba lisisomwe na mtu mmoja peke yake. Lisomeni kwa kikundi, mmoja akisoma kwa sauti, kisha mfanye kwa vitendo. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima karibu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Walijifunza kwa kutenda. Nasi tufanye hivyo hivyo.

KWA NINI TUUOGOPEE MGONGO?

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Umejengwa kwa mifupa midogo mingi iitwayo pingili. Pingili 7 ni za shingo, 12 ni za nyuma ya kifua, na 5 ni za kiuno. Chini yake kuna pingili nyingine zilizoungana mpaka kwenye kifandugu.

Pingili hizi zina matundu, nazo zimepangana kama shanga zilizotungwa. Ndani ya matundu hayo unapita ugwe wa mgongo, ambao ni kamba laini ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Ukitaka kuinua mguu, amri hutoka kwenye ubongo na kushuka kwa njia ya ugwe huo. Ukikanyaga mwiba, habari hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Pingili ikivunjika huweza kupona, kama mfupa mwingine unavyopona. Lakini ugwe ukikatika, mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji wa kuuunga ukarudi kama ulivyokuwa. Ukikatika sehemu ya kiuno au kifua, mtu hupooza miguu na hushindwa kuzuia haja. Ukikatika shingoni, mikono nayo huenda, na hata kupumua kunaweza kukoma.

Ni kweli kwamba mara nyingi madhara makubwa hutokea palepale mtu anapoanguka. Hayo hatuwezi kuyarudisha nyuma. Lakini wako watu ambao pingili imevunjika na ugwe bado ni mzima, au umeumia kidogo tu. Watu hao wanatutegemea sisi tunaofika kwanza. Kipande cha mfupa kilichovunjika kina ncha. Tukimkunja majeruhi, tukimpinda au tukimzungusha, ncha hiyo inaweza kuuchoma ugwe. Ndiyo maana wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

TUTAMTAMBUAJE?

Tumhesabu mtu kuwa ameumia mgongo au shingo kama:

1. Ameanguka kutoka juu, kwa mfano mtini au kwenye paa, au amegongwa na gari, au pikipiki imemtupa, au amejitupa majini akagonga kichwa chini.
2. Analalamika maumivu ya shingo au ya mgongo.
3. Miguu au mikono imekufa ganzi, inamchoma kama sindano, au haina nguvu.
4. Amezimia, amechanganyikiwa, au amelewa kiasi kwamba hawezi kujieleza.

Mtu aliyeanguka lakini akili yake ni timamu, hajalewa, shingo na mgongo haviumi, na viungo vyote vina nguvu na hisia, huyo hahitaji ubao. Tusimfunge mtu bure.

KABLA YA UBAO

Tukifika, kwanza tutazame kama pale mahali pana hatari: moto, maji, magari, au ukuta unaotaka kuanguka. Kama ipo, tumvute majeruhi kwa urefu wa mwili wake. Mmoja akamate nguo mabegani mwake, na kichwa kiegemee katikati ya mikono ya mvutaji. Tusimvute kwa mkono mmoja wala kwa upande. Kama hatari haipo, abaki palepale alipo.

Pili, tutazame pumzi na damu. Mtu asiyepumua hana faida na ubao. Mdomoni mkiwa na udongo au matapishi yanayoonekana, yatolewe. Damu ikitoka kwa nguvu, jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi. Mambo haya mawili hayangoji.

Tatu, mmoja apige magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi. Viganja viwili viwe pande mbili za kichwa, juu ya masikio, vidole vimetanuka. Asivute, asisukume, ashike tu kitulie. Amwambie kwa upole, "Kaka, usitikise kichwa. Tuko nawe. Jibu kwa mdomo tu." Huyu tutamwita mshika kichwa, na yeye ndiye kiongozi wa kazi yote. Hata kama mwenyekiti wa kijiji amefika, pale anayetoa amri ni mshika kichwa.

Kama kichwa kimegeuka upande, kirudishwe polepole kielekee sawa na kiwiliwili. Maumivu yakizidi, au kichwa kikikataa kugeuka, aache hapo hapo na akishike kilivyo. Tusimfunge boksi wala mti shingoni. Mikono ya mtu inatosha.

Nne, tumwombe majeruhi achezeshe vidole vya miguu na vya mikono. Tumguse nyayo na kumwuliza kama anahisi. Tukumbuke majibu yake. Tutayahitaji baadaye.

UBAO UWE WA NAMNA GANI?

Zahanati nyingine zina ubao maalumu wa plastiki. Kijijini petu fundi seremala anaweza kutengeneza wa mbao au wa plaiwudi. Urefu uwe futi 6, upana inchi 16 mpaka 18, unene robo tatu ya inchi. Upigwe randa usiwe na vibanzi. Pembeni, pande zote mbili, yatobolewe matundu marefu ya kupitisha mkono wa mbebaji na mikanda ya kufungia. Chini vipigiliwe vipande viwili vya mbao nyembamba ili ubao usilale chapa chini na vidole vipate nafasi ya kuingia.

Kama ubao haupo, mlango ung'olewe kwenye bawaba. Benchi pana au meza ndefu pia vinafaa. Kitanda cha kamba hakifai kwa kazi hii, wala blanketi peke yake, kwa sababu hubonyea katikati na mgongo hukunjika.

Mikanda iwe 5 ya mwili na mmoja wa kichwa. Khanga au kitenge kikunjwe kwa urefu mpaka kipate upana wa vidole vinne. Kamba ya katani hukata ngozi. Mpira wa baiskeli hukaza kupita kiasi na huvutika. Mikanda ipitishwe kwenye matundu ya ubao mapema, kabla ya majeruhi kulazwa. Kama ni mlango usio na matundu, mikanda itandikwe chini yake kwanza. Tukishamlaza ndipo tuanze kuhangaika kupitisha khanga chini yake, tutamtikisa tu.

KUMGEUZA KAMA GOGO

Kazi hii inataka watu 5. Mmoja ni mshika kichwa. Watatu wapige magoti upande mmoja wa majeruhi: wa kwanza kwenye bega, wa pili kwenye nyonga, wa tatu kwenye magoti. Wa tano akae ng'ambo na ubao.

Kwanza tumtoe majeruhi vitu vigumu mifukoni: funguo, simu, sarafu. Panga kiunoni litolewe. Mikono yake inyooshwe ubavuni, kama haijavunjika.

Mshika kichwa aulize, "Tayari?" Wote wajibu, "Tayari." Ndipo aseme, "Moja, mbili, tatu, geuza!" Watatu wamvute majeruhi kwa pamoja kuelekea kwao, alale ubavu. Kichwa, mabega, nyonga na miguu vizunguke kwa wakati mmoja, kama gogo linavyobingirika. Pua iendelee kuwa sawa na kitovu. Akitangulia mmoja na mwingine akachelewa, mgongo umepindwa, na kazi yote imeharibika.

Akiwa ubavu, mtu wa tano atazame mgongo upesi kama una jeraha au damu. Kisha asukume ubao ukae karibu na mgongo. Mshika kichwa ahesabu tena, na wote wamrudishe taratibu juu ya ubao. Kama hakukaa katikati, tumsogeze kwa kumtelezesha kwa urefu, kuelekea juu au chini ya ubao, wote kwa hesabu moja. Tusimsukume kiuno peke yake kwenda pembeni.

Watu wakiwa wachache, wengine waitwe. Afadhali majeruhi angoje dakika kumi chini ya kivuli kuliko kugeuzwa ovyo na watu wawili.

KUFUNGA: MWILI KWANZA, KICHWA MWISHO

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ubao bila mikanda ni hatari. Kwenye mteremko majeruhi atateleza, kwenye shimo atarushwa, naye mwenyewe akiogopa ataruka ainuke. Lakini hata mikanda ina utaratibu wake. Tufuate hivi:

1. Kifuani, chini kidogo ya makwapa.
2. Nyonga. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga, usipite juu ya tumbo laini.
3. Mapaja, juu kidogo ya magoti. Kati ya miguu tuweke shuka iliyokunjwa.
4. Miguu, chini ya magoti.
5. Nyayo, ili asiteleze kwenda chini.
6. Kichwa, mwisho kabisa.

Kwa nini kichwa kiwe cha mwisho? Tufikirie. Kama tumefunga kichwa na mwili bado uko huru, majeruhi akijigeuza au ubao ukiinama, mwili wote huenda na kichwa hubaki. Shingo ndiyo itakayobeba uzito wote. Tutakuwa tumemvunja kwa mikono yetu wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa kumfungua huanza kichwa, ndipo mwili.

Kabla ya kufunga kichwa tuweke khanga iliyokunjwa chini yake, nyembamba tu, ili uso utazame juu bila shingo kukunjika. Pande mbili za kichwa tuweke blanketi au mataulo yaliyoviringishwa. Tusitumie mifuko ya mchanga wala mawe, kwani ubao ukiinama uzito huo utasukuma kichwa. Mkanda upite juu ya paji la uso na ufungwe ubaoni. Usipite kidevuni, maana majeruhi akitapika lazima mdomo uweze kufunguka. Mpaka fundo la mwisho likazwe, mshika kichwa asiachie.

Mkanda wa kifua usibane pumzi. Kiganja chetu kiweze kuingia kati ya mkanda na kifua. Mafundo yote yawe pembeni, yasiwe chini ya mwili. Tukimaliza, tumwombe tena achezeshe vidole. Kama alikuwa anachezesha na sasa hawezi, mikanda itazamwe upya na daktari aambiwe.

Majeruhi akigombana nasi na kukataa kabisa kulala, tusimkandamize kichwa kwa nguvu. Kushindana naye kunaumiza shingo zaidi. Tumtulize kwa maneno, na akae kwa namna anayoona nafuu.

WATU WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Mtoto wa chini ya miaka 8 ana kichwa kikubwa kulingana na mwili wake. Akilazwa kwenye ubao mtupu, kidevu huinama kifuani. Basi tumtandikie khanga iliyokunjwa kuanzia mabegani mpaka makalioni, kichwa kiwe chini kidogo.

Mama mwenye mimba kubwa akilala chali muda mrefu, mtoto aliye tumboni hukandamiza mishipa mikubwa ya damu na mama anaweza kuzimia. Akishafungwa, tuinue upande wa kulia wa ubao kwa blanketi lililokunjwa ili aegemee kushoto yeye na ubao wake.

Majeruhi akitapika, tusifungue mikanda. Ubao wote ulazwe ubavu, yeye akiwa amefungwa, mpaka mdomo usafishwe. Asipewe maji, chakula wala dawa ya kunywa.

Na hili tuliseme kwa heshima. Tunao mafundi wa kuunga mifupa ambao jamii inawaamini. Mguu ni jambo moja, mgongo ni jambo lingine. Majeruhi wa mgongo asikandwe, asivutwe, asichuliwe kabla ya kupimwa hospitali.

SAFARI

Watu 4 mpaka 6 wabebe, wote wakiinua na kutua kwa amri moja. Tambarare na mteremkoni miguu itangulie. Mlimani kichwa kitangulie. Mbebaji akichoka, apokewe mmoja mmoja, ubao usitue kwa kishindo.

Pikipiki ya abiria haifai hata kidogo. Tutafute gari la wazi, au pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu ikiwa bodi lake linatosha ubao. Ubao nao ufungwe kwenye gari. Mtu mmoja akae kichwani kwa majeruhi, atazame pumzi yake njia nzima. Dereva aende polepole, hasa penye makorongo. Huko tuendako wapigiwe simu mapema wajiandae. Kituo chetu kitampa rufaa akihitaji wataalamu wa mifupa, kama walioko Bugando, KCMC, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996.

Kama ni ajali ya barabarani na fomu ya polisi, PF3, inatakiwa, ndugu mmoja aende polisi kuishughulikia. Majeruhi aende hospitali.

Tujue pia kwamba ubao ni wa kusafiria, si kitanda. Mtu aliyekufa ganzi hasikii ubao unavyomchoma, na ngozi yake huanza kuharibika kwa saa chache tu. Tukifika tumwambie mganga, "Amelala kwenye ubao tangu saa fulani," ili amtoe mapema.

KUSOMA NA KUANDIKA KUNAPOOKOA

Wakati wengine wanafunga, anayejua kuandika achukue kipande cha karatasi. Hili ni jambo ambalo kila mhitimu wa kisomo anaweza. Aandike hivi, na karatasi ifungwe kwenye mkanda wa kifua:

Jina na umri: ............
Ameanguka saa: ............
Kutoka wapi, urefu gani: ............
Alizimia? Muda gani: ............
Mwanzoni alichezesha miguu? Mikono?: ............
Baada ya kufungwa: ............
Amelala ubaoni tangu saa: ............

Mistari hii saba itamsaidia daktari kuliko maelezo ya watu kumi wanaosema kwa pamoja mlangoni.

KAZI YA KIKUNDI

1. Pelekeni vipimo vya ubao kwa fundi seremala wa kijiji. Amueni utahifadhiwa wapi. Usifungiwe ofisini ambako ufunguo unalala na mtu mmoja.
2. Andikeni majina ya watu 10 wa kitongoji watakaojifunza kazi hii, na namba za simu za wenye magari. Zibandikwe dukani na zahanati.
3. Mwombeni mganga wa zahanati awaongoze siku ya mazoezi. Mmoja wenu alale ubaoni afungwe, kisha aeleze mkanda gani ulimbana. Kila mmoja apate zamu ya kushika kichwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kichwa hufungwa mwisho na kufunguliwa kwanza?
2. Kijijini kwetu, mtu wa mwisho kuanguka alibebwaje? Tungefanya nini tofauti?
3. Mnafika mko watatu tu, na majeruhi hana hatari pale alipo. Mtafanya nini?
4. Ndugu wa majeruhi anasema, "Mpakieni kwenye pikipiki, mnachelewesha." Mtamjibu nini?

Swali la 4 ndilo gumu, ndugu wasomaji. Anayelia na ndugu yake hasikii hoja. Lijadilini sasa, mkiwa mmetulia, ili siku hiyo ikifika kijiji kizima kiwe na jibu moja.